Inchi Zangu, Farasi Wake

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshindwa tena. Juu ya meza ya chakula ya dada na shemeji, askari wangu wa bati, Warumi, wamelazwa chali na Waajemi wa Daktari wa Meno. Sasa ataendelea kuitwa Jemadari wa chama chetu cha vita vya mezani, kukalia kiti chenye mikono na kutuchagulia vita vya kupigana. Mtu anayeshinda kutwa ndani ya vinywa vya watu!

Kosa si langu. Kosa ni sentimita. Kanuni zinawaruhusu wapiga mishale wangu kurusha sentimita ishirini. Ishirini! Hata mate yanafika mbali zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata: inchi. Namba zibaki zilezile, kipimo kibadilike. Mishale itavuka nusu ya meza. Nimempitia shemeji kwenye duka lake la vioo, nikamwambia inchi ina heshima ya kihistoria. Akauliza kama Warumi walipima kwa inchi. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la watu wasiosoma. Akarudi kukata vioo vyake. Bahati yangu, maana hata mimi sijui.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano. Nimehutubia, nimetoka jasho. Mwalimu wa hesabu, ambaye huja chamani kusinzia, aliniunga mkono bila kufumbua macho. Daktari wa Meno hakupinga hata kidogo. Alitabasamu tu, meno yote nje, akasema inchi ni sawa kabisa. Bwege! Amekwisha na hajui.

Jumamosi, 8 Machi
Fedheha.

Niliwapanga wapiga mishale mstari wa mbele, vifua mbele. Zamu ya kwanza ikawa ya Daktari. Akachukua futikamba ya dada, akaigeuza upande wa inchi, akapima mwendo wa farasi wake. Jumatatu sentimita thelathini, leo inchi thelathini! Wakavuka meza kwa mkupuo mmoja, wakawakanyaga watu wangu kabla hawajagusa upinde. Wengine walidondoka mpaka kwenye kapu la nguo chafu.

Nikalalamika kwamba farasi hawahusiki, tulibadilisha kwa ajili ya mishale. Mwalimu akafumbua macho.

“Kwani inchi yako ni ya mishale peke yake?”

Wakacheka mpaka dada akaja mbio kuuliza nani kaumia.

“Mdogo wako,” shemeji akamwambia.

Jumapili, 9 Machi
Dada kaniletea chai chumbani. “Mdogo wangu, si na wewe uwapange farasi wako mbele? Au ucheze tu ufurahi.”

Nifurahi! Ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuamrisha hata jeshi la bati. Chai nimekunywa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina. Inchi haina kosa lolote. Kosa ni meza! Nyembamba mno. Mlango wa chumba cha dada na shemeji ni mpana, mbao safi. Nikiuunga ubavuni mwa meza, farasi wa Daktari wataishiwa pumzi katikati ya uwanja, na mishale yangu itawamaliza.

Wenye chumba wamekwenda kumjulia hali mama mkwe wa dada. Wakirudi watanishukuru. Bawaba ya juu na ya kati nimeshazing'oa, imebaki ya chini. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeuzuia mlango usiniangukie, na bisibisi imeangukia upande wa pili.