Kamati ya Chembe Zisizoonekana

Umma wa Mbinga, Kitai na mwambao wote wa Nyasa ulitangaziwa kwamba kuanzia siku hiyo, kitu kisichoonekana hakitapita tena bila kuonekana. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ghala la zamani la mahindi pale Kitai, na chini yake kulikuwa na sahihi ya Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Chembe Zisizoonekana, Mzee Polikarpo. Sahihi ilikuwa kubwa kuliko tangazo.

Polikarpo hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka thelathini na moja alikuwa mwonjaji wa kahawa Mbinga mjini: anachota kwa kijiko, anavuta kwa kishindo hadi mbwa wa jirani wanabweka, anatema, anatoa hukumu. Alipostaafu walimpa kijiko cha madini ya fedha, si cha kupakwa rangi. Alikisugua kwa majivu kila asubuhi na kukichomeka mfuko wa kifuani, pale wengine wanapochomeka kalamu.

Mashine ya kupimia chembe ilipoletwa, akamwita Tunu, mtaalamu aliyekuja nayo kutoka chuoni.

"Binti, kidude hiki kinafanyaje kazi?"

"Kinanyunyiza maji kwenye moto mkali kuliko tanuri lolote, mheshimiwa. Kila kilichomo kinasambaratika, halafu kinapimwa uzito, aina moja moja. Nimekiagiza kitafute madini ya fedha tu. Siku hizi yanatiwa hadi kwenye soksi, mwisho yanaingia ziwani. Chembe zenyewe hata darubini ya shule haizioni."

"Sasa utazijuaje?"

"Ni kama kukaa chini ya bati kwenye manyunyu. Kuna vishindo vidogo muda wote, hivyo si kitu. Chembe ikipita ni kama jiwe limeanguka: paa! Ila kwanza napima maji safi mara nyingi, nipige hesabu manyunyu yanaweza kuruka hadi wapi kwa bahati tu. Hapo nachora mstari. Kinachouvuka ndicho chembe."

Polikarpo akashtuka. "Mstari unachorwa na mtu mmoja? Bila kikao?"

Kikao kikaitwa. Mstari ukapitishwa kwenye namba nne, kwa sababu hadi wanafika namba nne wajumbe walikuwa wameshawasha pikipiki. Ikaazimiwa pia kwamba hakuna sampuli itakayoingia mashineni bila kuonjwa na Mwenyekiti, na kwamba chochote kitakachokutwa na chembe kitazuiwa Kitai siku kumi na nne, pamoja na mwenyewe, akae nacho.

Wa kwanza kufaidi huduma hiyo alikuwa Mama Celestina wa Liuli, aliyekuwa akipeleka Songea magunia kumi na mawili ya usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa. Tunu aliloweka konzi moja kwenye maji safi. Polikarpo akakoroga, akavuta, akatema.

"Kuna ukali kwa mbali," alisema.

Chembe arobaini na moja. Celestina akatandika mkeka wake juu ya magunia, kwenye baraza la ghala lililovuja, na mvua za kwanza zikaanza siku hiyohiyo.

Siku ya tatu alipimwa upya. Polikarpo, kwa kutenda haki, alikoroga zaidi: sitini na tatu. Siku ya sita, tisini. Akaandika kwenye ripoti: "Zinazaliana."

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti," alisema Celestina.

"Marahaba, mama. Vipi chembe?"

"Chembe sijaziona. Nimeona ukungu. Magunia ya chini yanatoa joto, na huu ndio msimu wangu wote umelala hapa. Hebu nipimieni bila kuonja."

"Bila kuonja!" Polikarpo alimhurumia kwa dhati. "Mama, hicho kimashine kina wiki moja kazini. Ulimi huu una miaka thelathini na moja."

Tunu akaomba apime walau maji matupu.

"Maji matupu yamefanya kosa gani?" Polikarpo akauliza, na hoja ikafungwa.

Siku ya tisa walifika wageni kutoka Songea, wakiongozwa na Mama Gaudiosa, mwenye mamlaka ya kuifuta kamati au kuipa gari. Polikarpo alikuwa amejipanga. Lori lenye magunia arobaini ya kahawa yake mwenyewe, kutoka shambani Mbuji, lilisimamishwa mbele ya ghala ili wageni waone kitu safi kinafananaje. Kahawa hiyo aliionja kwa mapenzi. Alikoroga mara saba, akavuta, akarudia, akakiacha kijiko kikombeni huku akieleza historia ya shamba.

Mashine ikachora vilele kama milima yote ya Umatengo.

"Mia mbili kumi na mbili," alisema Tunu, macho chini.

"Imeharibika," alisema Polikarpo.

"Kwa usipa wangu ilikuwa nzima," Celestina akadakia kutoka juu ya magunia. Akashuka na vikombe viwili, akakinga mvua barazani, akavileta. "Hiki aonje mzee. Hiki asikiguse. Mama mgeni, wewe shuhudia tu."

Kukataa kuonja mbele ya wageni hakukuwezekana. Polikarpo akakoroga, akavuta, akatema. Tunu akapima kikombe kisichoguswa: manyunyu matupu, kimya. Akapima cha pili: paa, paa, paa.

Watu wote wakatazama mfuko wa kifuani.

Mama Gaudiosa akaomba kitabu cha maazimio, akasoma polepole kama mtu anayefurahia chakula. "Chochote kitakachokutwa na chembe. Siku kumi na nne. Pamoja na mwenyewe." Akafunga kitabu. "Azimio zuri. Nani aliliandika?"

"Mimi," alisema Polikarpo, kwa mazoea ya kukubali sifa.

Usipa ukapimwa bila kuonjwa, ukapita, ukaondoka saa nane, magunia kumi. Mawili yalikuwa yameoza, na Celestina aliyaacha pale barazani ili Mwenyekiti asikose kitu cha kunusa. Kahawa nayo ikapimwa hivyohivyo, ikapita. Kijiko kikatiwa kwenye bahasha, kikapigwa lakiri, kikatundikwa msumarini, na mkeka ukatandikwa chini yake.

Kabla ya kuondoka na usipa wake, Celestina alimletea mwenye kijiko bakuli la usipa wa mchuzi.

"Karibu, mzee. Ukavu umeishia kwenye mchuzi. Ule ukali wa mbali je, bado upo?"

Polikarpo akaupeleka mkono kifuani, akakuta mfuko mtupu. Akatazama msumari. Akatazama bakuli. Kisha akaomba maji ya kunawa.