Kalunguyeye Asiyevaa Soksi

Wananchi wote wa Serbia wanatangaziwa kwamba watoto wao sasa wako salama. Tume ya Kupanga Michezo ya Kompyuta kwa Umri imegundua hatari kubwa kuliko bunduki, damu na majoka, nayo ni upepo unaoingia dirishani na kutokea mlangoni.

Aliyegundua ni mwenyekiti mwenyewe, Vukoman Stanojčić, mtu wa skafu shingoni hata Julai. Bibi yake aliuawa na upepo huo akiwa na miaka tisini na sita, na tangu hapo hakuwa na mzaha nao. Sasa Waziri alikuwa anakuja mjini Niš kuzindua stika za umri mbele ya televisheni, na kiti cha naibu waziri kilikuwa wazi. Vukoman alikitaka kiti hicho mpaka usingizi ukamruka.

Kabla ya uzinduzi alifika Dunja, aliyetengeneza mchezo wa kalunguyeye anayeokota tufaha nyumbani.

"Mzee, miaka kumi na nane? Kwa kalunguyeye?"

"Binti yangu, kafungua dirisha na mlango uko wazi. Halafu anakanyaga vigae bila soksi. Leo mtoto anaona, kesho anaiga, keshokutwa figo zinaugua kwa baridi."

"Na huu wa kukata vichwa mmeupa miaka saba!"

"Shujaa wake anakata, sikatai. Lakini ana soksi."

"Na fulana ya ndani kaichomekea," akadakia Shangazi Desanka, mkaguzi mkuu. "Huyo ana mama."

Dunja alirudi na kalunguyeye mwenye soksi nne za sufu na dirisha lililopigwa misumari. Akapewa saba. Kanuni ni kanuni, na Vukoman alijivunia zaidi ile ya tano: chochote chenye upepo huo kikionekana kwenye televisheni, kibandikwe stika nyekundu ya 18 papo hapo na kiondolewe mbele ya watoto, bila kujali cheo. Hayo maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza mwenyewe, maana yalisikika vizuri.

Siku ya uzinduzi madirisha yote ya ukumbi yalifungwa. Ilikuwa Agosti, ukumbi umejaa wanafunzi, Dunja kaleta mchezo wake kwenye skrini, na Waziri alikuwa mnene ndani ya suti nzito. Sentensi ya pili ya hotuba ilimkuta amelowa chapachapa.

"Hivi nyie mnanipika?" akafoka. "Fungueni dirisha! Na huo mlango!"

Hakuna aliyethubutu. Waziri akafungua vyote viwili mwenyewe, akasimama katikati na kupumua kwa raha. Kisha akavua viatu. Kisha soksi.

Watoto wakaguna kwa hofu, kwani walikuwa wameshaelimishwa.

Shangazi Desanka akainuka, stika nyekundu mkononi.

"Mwenyekiti, nibandike?"

Akisema ndiyo, kwaheri kiti. Akisema hapana, kanuni zake ni porojo, na nchi nzima inamtazama. Vukoman akakaza skafu shingoni. Akamkumbuka bibi yake, na moyo ukamuuma kwelikweli.

"Bandika," akasema kama mtu aliyefiwa.

Desanka akambandika Waziri kifuani: 18. Fundi wa televisheni, ambaye naye ni mzazi, akakata hotuba. Taifa likaonyeshwa kitu pekee kilichokuwa na kibali pale ukumbini: kalunguyeye akiokota tufaha. Watoto wakalipuka kwa shangwe. Dunja alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu baridi, na hakuna aliyemkemea.

Asubuhi Waziri aliamka shingo imekakamaa, hawezi kugeuka kushoto wala kulia. Matokeo ya utafiti wa Tume yakawa yamethibitishwa. Kwa kutambua utaalamu huo, alimpandisha Vukoman cheo siku hiyohiyo: Mkurugenzi wa Kituo cha Kupima Upepo, juu ya kilima cha Vršac, kwenye jengo ambalo upepo wa košava ulishang'oa milango na madirisha.

Huko alipokea kifurushi kutoka kwa Dunja. Ndani mlikuwa na soksi za sufu, zimebandikwa stika: Miaka saba na kuendelea.

Akazivaa, akachomekea fulana, akatoka kwenda kupima.