Ufito Mmoja, Ukingo hadi Ukingo

Jumanne, 4 Juni 2002
Njombe. Mzee Yoramu, mwalimu wa kwaya ya kijiji cha Yakobi, kanionyesha wimbo alioandika kwa mkono. Fito, yaani ile mistari minene inayofunga nota ndogo pamoja, kazipiga kwa rula. Safi mno. Inaudhi. Jumapili kwaya zetu zinaimba mbele ya Askofu, atakayechagua wimbo mmoja wa kitabu kipya. Nikamwambia wangu utatoka kwenye kompyuta. Sina kompyuta.

Alhamisi, 6 Juni
Makambako, kwa Halfan wa stesheneri. Ana programu ya ajabu: nota unaziandika kwa herufi, kompyuta inachora. Ila fito inazikata inapopenda, katikati ya Haleluya! Halfan akasema ukitaka kuzipanga mwenyewe, fungua mabano pale ufito unapoanza, funga unapoishia, neno kwa neno. Nikamwambia nimeelewa. Alikuwa hajamaliza.

Ijumaa, 7 Juni
Halfan kaenda msikitini, kaniachia kiti. Mabano yote yale ya nini? Nikafungua mwanzo wa kila mstari, nikafunga mwisho. Nikachapa nakala kumi na mbili bila kutazama. Basi lilikuwa linapiga honi.

Jumamosi, 8 Juni
Mazoezi. Balaa! Kila mstari ufito mmoja, ukingo hadi ukingo, kama reli ya Tazara. Germana, soprano wetu, akauliza wapumue wapi. Nikiri kosa mbele ya besi? Nikasema zilizofungwa pamoja huimbwa kwa pumzi moja, ndiyo kisasa. Wakatii, maskini. Mstari wa pili Germana akakaa chini ghafla. Fidelia, mwimbaji mwenzake, akampepea kwa nakala. Sauti iliporudi, akasema: "Mwalimu Jastin, wimbo huu unamsifu Mungu au unatupeleka kwake?"

Jumapili, 9 Juni
Mzee Yoramu kaja mapema na wembe. Germana kamwambia! Hakunicheka, na hilo ndilo liliniuma. Akakwangua fito kila neno linapoishia, nakala kwa nakala, akipulizia vidole kwa baridi, huku kwaya yake ikimngoja nje. Tukaimba vizuri ajabu. Kwaya yake ikaingia bila kupasha sauti. Askofu akachagua wimbo wetu, akasifu jinsi nota zilivyoandikwa. Nilitaka kumtaja Mzee Yoramu. Makofi yakawa mengi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa mapafu ya kwaya. Kuanzia kesho watapanda mlima wakiimba. Pia nimemwandikia Mzee Yoramu, nikimkaribisha ajifunze kwangu uandishi wa nota. Nimemwonya kabisa kwamba mimi ni mwalimu mkali.