Kuhusu Mgongo wa Mume Wangu na Maji Mliyoyachukua

Jumapili, baada ya ibada

Kwa Daktari Leveni, wodi ya wanaume

Mheshimiwa Daktari,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyekupa mikono myepesi na sindano ndefu. Mimi ni Kalolaine, mke wa Semisi, yule mkulima wa matikiti mnayemsubiri kesho mumchome tena mbavuni. Naomba kwa unyenyekevu jina lake lifutwe kwenye orodha. Sababu zangu ni hizi:

1. Mume wangu ni mzima. Ngazi tatu za kanisa anazipanda vizuri kabisa, akipumzika katika kila moja. Analala ameketi, jambo linalotupunguzia kufua mashuka. Suruali zinamvuka, lakini kamba zipo. Tena ugonjwa wake tulishaupima nyumbani: shemeji anasema ni maji ya bahari aliyomeza ujanani, mama mkwe anasema ni mimi.

2. Mlimwaibisha. Mara ya kwanza alikuja kwa heshima, koti, tai na mkeka uliofungwa kiunoni kama desturi ya visiwa vyetu vya Tonga, akamkuta nesi wa zamu ni Fusi, dada yake wa tumbo moja. Wewe ni Mtonga kama sisi, unajua kaka hakai chumba kimoja na dada yake, sembuse kuvua shati mbele yake. Basi daktari mwenzako akamsikiliza kifua juu ya koti, akampa dawa ya kikohozi. Ilikuwa tamu. Tuliinywa wiki tatu, nyumba nzima.

3. Kisha ukaja wewe. Fusi hayupo, shati likavuliwa, ukamgongagonga mgongoni kwa vidole kama mnunuzi wa tikiti asiye na haraka. Upande wa kulia ukalia kama ngoma. Wa kushoto, huku chini, kimya. Semisi, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, akageuka akasema, "Daktari, hilo limejaa maji. Usilipeleke sokoni." Mkacheka wote wawili. Mimi sikucheka, na hilo ni lalamiko rasmi.

4. Mkamtoa maji lita moja na nusu, rangi ya chai iliyolala, mkayapeleka ng'ambo yakatafutwe saratani. Majibu: haikuonekana. Kanisa zima likasema amina. Wewe peke yako ukasema, "Mama, hatujaiona, lakini sijasema haipo. Maji yakirudi tutapima tena, na tutakata kipande kidogo cha utando wa pafu." Daktari, mchungaji wetu ana miaka thelathini madhabahuni na hajawahi kuamini yasiyoonekana kwa bidii kama yako.

5. Kwa hiyo, mbali na kulifuta jina, naomba cheti chenye muhuri kisemacho Semisi hana kitu, nikakisome mbele ya kwaya. Nafasi yake ya besi wameshampa mtu mwingine, eti "mpaka mzee apate pumzi." Pumzi anazo. Ni fupi tu.

Nisalimie mkeo, wauguzi wote, na yule mama wa kufagia aliyenipa kiti siku ile ya majibu.

Wako katika malalamiko na sala,
Kalolaine

Nyongeza: Semisi amesinzia kitini, viazi vikuu hajavigusa. Nimemgonga mgongoni kwa vidole viwili, kama alivyonifundisha kugonga matikiti shambani tulipokuwa wachumba. Alhamisi kimya kilikuwa kwenye mbavu za chini. Juzi kilipanda. Leo kimefika kwenye bega. Usilifute jina. Tutakuja asubuhi na mapema. Ila mpangie Fusi zamu nyingine, Daktari, ili safari hii Semisi avue shati mara moja.