Hotuba ya Kuifungua Upya Nyumba ya Lestrevet, Mjini Kergoan

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, ambaye ametuma barua kwamba hafiki; Waheshimiwa Madiwani mlio upande wangu, na nyinyi wengine; Baba Paroko; Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Watengeneza Mvinyo wa Tufaha; Bibi Soazig Kerdoncuff, mpangaji wa ghorofa ya tatu, ambaye tulimwomba apishe ukarabati kwa wiki sita na ambaye, kwa uzalendo wa kipekee, amepisha kwa miaka minne; wananchi wote wa Kergoan, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya madiwani.)

Nyumba hii mnayoiona mbele yenu, iliyojengwa mwaka 1643 na mfanyabiashara wa kitani Hervé Lestrevet, ni rasilimali mtambuka yenye fremu za mwaloni, ghorofa zinazotokeza mbele kila moja kuliko iliyo chini yake, meko ya kuchomea ng'ombe mzima, na ngazi ya kuzunguka ambayo mimi binafsi, kama Meya wenu, niliipanda wakati wa kampeni hadi kipandio cha ishirini. (Sauti: "Cha nne! Nilikuwepo, ulishika kiuno!") Takwimu zitahakikiwa.

Chini ya uongozi wangu, baada ya upembuzi yakinifu, upembuzi wa upembuzi huo, na ziara ya mafunzo ya siku kumi na moja huko Venisi, ambako mke wangu alishiriki kama mdau, utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne kwa upande wa mbele. (Upepo unavuma. Ghorofa ya pili inakunjamana. Minong'ono.) Msishtuke, majengo ya karne ya kumi na saba hupumua.

(Bibi Kerdoncuff, akisimama: "Loïk mwanangu, maneno yako mengi. Nina miaka themanini na moja, nalala kwenye kitanda cha watu. Nataka kufia kwangu. Naingia lini?")

Swali la kimkakati hilo, Bibi. Leo! Ufunguo huu hapa, na utepe wake. (Shangwe. Bibi Kerdoncuff anaubusu ufunguo, anafuta machozi, anaanza kutembea.) Bibi, kuna ratiba. Bibi, kaa kwanza, kuna keki ya siagi.

Urithi wetu! (Madiwani: "Fahari yetu!") Historia! (Madiwani: "Mbele!")

Nimalizie kwa kuwashukuru mafundi seremala, ambao hatukupata kuwaita. Wahandisi, waliotabiri kwamba nyumba ingeangukia uani, na mwaka juzi ikaangukia huko huko. Na zaidi ya wote kiwanda cha maturubai, kilichotuchapia picha ya nyumba kwenye turubai hili kwa ukubwa halisi, kwa ustadi kiasi kwamba hata maua ya Bibi Kerdoncuff yanaonekana dirishani. Asanteni sana. Bibi, tafadhali, toa huo ufunguo hapo mlangoni, utalitoboa.