Jinsi Nilivyolitia Gari Langu Sauti

Jumamosi, 6 Juni

Nimeamua. Gari langu litanguruma.

Nieleze kwa utulivu, maana mimi ni mtulivu, hasa ninapoogopa. Jana asubuhi mlinzi wa ofisini hakunifungulia geti. Si kwa ubaya. Hakunisikia. Gari langu, lile dogo aliloniachia kaka alipohama, linakuja kama paka anayenyemelea jiko, na kupiga honi mimi naona haya. Nikashuka, nikabisha. Akaniuliza kama siku hizi natembea kwa miguu. Hapo hapo akatokea Karani wa Stoo na gari lake linalokoroma. Geti wazi! Saluti! Saluti kwa mtu anayetunza mifagio!

Na gari la Karani wa Stoo halina tabo. Langu linayo. Nimesoma kitabu cha gari chote, hata kurasa za lugha nisiyoijua. Tabo ni kipangaboi kidogo kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa. Moshi ukitoka upesi, gari linapata nguvu. Kinachouzuia moshi ni sailensa. Basi sailensa ni adui. Na kwa kuwa tabo yenyewe hupunguza kelele, nikiiondoa sailensa itabaki sauti ya wastani, nzito kidogo, yenye adabu. Nimelifikiria pande zote. Hakuna hatari.

Shangazi, mwenye nyumba ninayoishi, alisimama mlangoni na kuuliza gari lilikuwa linakwenda vizuri, sasa limenikosea nini. Nikamjibu kwamba ni utafiti. Haya, mtafiti, akasema, ukiipaka mafuta hiyo shuka uliyoitandika chini ya gari utaifua mwenyewe.

Nimelipandisha kwenye jeki na matofali. Nimeingia chini. Nimetoka kukagua jeki. Nimeingia. Nimetoka kukagua matofali. Nimeingia na kushika bomba la ekzosi kwa mkono mzima. Lilikuwa bado la moto! Kitabu kinasema kuhusu hilo, lakini kwenye ukurasa unaofuata.

Jumapili, 7 Juni

Sailensa imetoka! Kwanza ilinidondokea kifuani, lakini imetoka.

Fundi wa kawaida hutupa boliti zote kwenye kopo moja, kisha hushangaa. Mimi ni karani wa masjala. Kila boliti nimeitia kwenye bahasha yake ya kaki, nikaandika juu kumbukumbu namba, kama tunavyofanya kazini. Hata nati zina namba. Nililala juu ya shuka ile nikazitazama bahasha zangu zimepangwa ukutani, nikajisikia kama waziri.

Limebaki pengo pale sailensa ilipokuwa. Linahitaji bomba lililonyooka. Nimezunguka uwanja mzima na futi yangu. Bomba pekee lenye unene unaofaa ni lile linaloshikilia antena ya TV ya Shangazi. Antena nimeiegemeza kwenye tangi la maji, inaonekana imeridhika.

Jioni Shangazi aliniita kuuliza kwa nini tamthilia yake imejaa chenga, yule bwana anamwomba mkewe msamaha na uso hauonekani. Nilisema huenda ni hali ya hewa. Akatazama juu. Mbingu safi kabisa. Akanitazama mimi.

Jumatatu, 8 Juni

Shangazi amesema takataka zangu za ukutani atazifagia. Takataka! Nimezibeba bahasha zote hadi ofisini, nikaziweka kwenye droo ya meza yangu. Droo ya ofisi ni salama kuliko benki.

Nilikwenda kwa miguu kweli leo. Mlinzi akasema si nilikuambia.

Jumanne, 9 Juni

Habari kubwa. Mkuu wa Masjala ameniita chumbani kwake. Sisi humwita Mzee Kimya, kwa sababu ya lile bango la KIMYA juu ya kiti chake na kwa sababu hata kalamu yake haitoi mkwaruzo. Niliketi kabla ya kuambiwa, nikasimama tena.

Alinong'ona kwamba Ijumaa kikao cha makao makuu kitaamua kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani. Yeye atakwenda kunisemea. Gari la ofisi ni bovu. Karani wa Stoo amejitolea, ila kelele za gari lake zinamwumiza kichwa. Basi angependa nimpeleke mimi. Akasema: "Gari lako, kijana, hata sikujua unalo. Hilo ndilo gari."

Nikasema ndiyo, Mzee. Nikasema litakuwa tayari, Mzee. Nikagonga mlango wakati wa kutoka badala ya kuufungua.

Wengine wangeingiwa na hofu. Mimi naona bahati. Atakuwa mtu wa kwanza kuisikia sauti mpya, na mtu anayependa utulivu atautambua ubora.

Jumatano, 10 Juni

Nimefungua droo. Tupu.

Nimefungua droo nyingine. Tupu. Nimefungua droo za jirani.

Nimemwuliza tarishi wetu. Akajibu kwa furaha. Mzee Kimya alitangaza kwamba hakuna barua kulala kwenye droo, na yeye tarishi si mtu wa kuambiwa mara mbili, akakusanya kila bahasha yenye namba na kuipeleka makao makuu. Akaongeza kwamba zangu zilikuwa nzito, akajua ni mambo mazito. Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Boliti zangu zote ziko makao makuu, zimesajiliwa.

Karani wa Stoo alipita akaniuliza mbona nimekuwa rangi ya karatasi. Nikamwambia asubiri Ijumaa. Akacheka, akasema anaisubiri kuliko mimi.

Alhamisi, 11 Juni

Nilitoroka mapema kwa kisingizio cha jino. Bila boliti, sailensa haiwezi kurudi hata ningetaka. Na sitaki! Nimelitia bomba la antena mahali pake na kulifunga kwa waya. Nimezungusha waya mpaka ukaisha. Limekaa imara kama mzizi.

Kwenye maungio lazima pawe na gasketi, kitu cha kuziba ili moshi usivuje. Sikuwa nayo. Nimekata nzuri sana kwa mkasi kutoka kwenye jalada gumu la faili lisilotumika. Mduara safi! Inashangaza mafundi hawajaligundua hili.

Sijawasha injini. Shangazi alikuwa amejilaza, na mimi namheshimu. Kesho tutasikia wote.

Ijumaa, 12 Juni

Nimewasha.

Kuku wa jirani walihama. Shangazi alitoka na mto mkononi akiuliza ni trekta la nani. Alipoona ni mimi alisema kitu kirefu. Nilimwona midomo tu.

Ilikuwa nzito kidogo kuliko wastani. Nilijipa moyo kwamba ikipata joto itatulia. Ilipopata joto ilianza kukohoa.

Mzee Kimya alikuwa akisubiri barazani na mkoba wake. Alipoona gari alirudi nyuma hatua, kisha, nadhani kwa ajili yangu, akapanda. Njiani alizungumza mara moja tu. Nilipunguza mwendo kumsikia. Alinusa, akanusa tena, akasema: "Kijana, kuna faili linaungua."

Mtu aliyezeekea masjala harufu hiyo haimpotei. Nilisema ni la barabarani, Mzee. Moshi ulikuwa ukiingia kupitia sakafu.

Tulifika makao makuu. Nilikanyaga mafuta kidogo ili tuingie kwa heshima. Waya ukakatika. Bomba la antena la Shangazi likachomoka, likabiringika kwenye lami likilia kama kengele ya shule na kusimama miguuni mwa mwenyekiti wa kikao, aliyekuwa akishuka garini. Mzee Kimya alitoka akafunga mlango kwa ulaini ule ule wa siku zote. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilingoja nje na bomba begani. Lilikuwa la moto. (Rejea ukurasa unaofuata.)

Alitoka baada ya muda mrefu. Alinong'ona kwamba kikao kilianza kwa kumtaka aeleze kwa nini ofisi yake imewatumia boliti na nati, kila moja na kumbukumbu namba, bila barua ya maelezo. Jina langu likafuata kwenye ajenda. Hawakunifukuza, kwa heshima yake. Wameniongezea miezi sita ya majaribio. Akamalizia kwamba sailensa irudi, na kwamba atalisikiliza gari hilo yeye mwenyewe kabla hajalitaja jina langu tena mbele za watu. Kisha akaita teksi.

Miezi sita! Wengine hawapewi hata wiki.

Na sasa lililo muhimu. Nilirudi ofisini bila ekzosi yoyote. Nikiwa bado kwenye kona, mlinzi alifungua geti lote, pande zote mbili, akasimama wima na kupiga saluti! Alidhani ni lori la maji. Aliponiona akaushusha mkono upesi, lakini saluti ilikuwa imeshatoka. Karani wa Stoo alishuhudia.

Ijumaa, 19 Juni

Bahasha zangu zimerudi! Makao makuu wamezigonga muhuri HAITUHUSU. Hakuna hata boliti moja iliyopotea. Sasa niambieni nani alisema utaratibu wangu ni mbovu.

Jumapili, 21 Juni

Sailensa imerudi mahali pake, imekazwa. Shangazi amepata bomba lake, jeusi kidogo. Anasema TV inaonyesha vizuri kuliko zamani, ila bado hasemi nami moja kwa moja, anazungumza na sufuria ili nisikie. Mzee Kimya atalisikiliza gari Ijumaa.

Lakini nilipokuwa chini nilitazama breki. Zinalia kidogo. Mzee hapendi mlio. Nimezifungua zote. Kazi ndogo, itakwisha kabla ya Ijumaa.

Jumatatu, 22 Juni

Boliti za breki nimezitia kwenye bahasha za kaki, nikaziandika namba. Safari hii sikuwa mjinga wa kuziweka kwenye droo. Kosa lote lilikuwa droo! Kitu kilichofichwa ndicho kinachochukuliwa.

Nimezipanga wazi kabisa, juu ya trei iliyo karibu na mlango, ile iliyoandikwa BARUA ZINAZOTOKA. Tarishi hupita hapo kila asubuhi. Atanitunzia.