Dakika ya Kimya Niliyoombwa Nyumbani Kwangu

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Mtandaoni, Iloilo,

Salamu nyingi, na poleni na kazi. Mimi ni Generosa Monteclaro, yule mama muoka bibingka, keki zetu za unga wa mchele na tui, ambaye mmetundika sauti yake mtandaoni pamoja na picha za mikono yake, kucha hazina hata rangi. Naandika kwa heshima zote kuomba habari ile iondolewe. Sina ugomvi na mtu. Nina malalamiko tu, nayo ni haya.

1. Friji. Mwandishi wenu Arnel, kabla hata ya kunywa kahawa, alizima friji yangu kwa sababu inanguruma na ingeharibu sauti. Nikamruhusu. Kisha akatia funguo za pikipiki yake mle ndani, kando ya nyama ya nguruwe ya sikukuu ya parokia. Nikajisemea, maskini, jua limempiga huyu. Alipokuwa akifunga vifaa vyake nikazitoa, nikamkabidhi. Akashukuru, akaondoka. Baadaye ndipo mpwa wangu akanieleza kwamba watu wa kazi hiyo huweka funguo mle makusudi, wasije wakaondoka bila kuiwasha. Sasa mngesema mapema. Nyama ilinuka hadi padri akauliza kama kuna msiba.

2. Kutojibiwa. Nilizungumza naye alasiri nzima, asiseme hata "ehe". Alitikisa kichwa tu kama mjusi ukutani. Nikadhani hanielewi, nikarudia kila jambo na kuongeza mengine ya majirani. Kumbe ndiyo desturi yenu, sauti yake isipande juu ya yangu. Mtu ukimnyamazia namna ile, Mhariri, atasema hata yaliyolala.

3. Mkasi wenu. Nilieleza kirefu habari za dada yangu Leonila, tunayepakana naye ukuta. Yeye ndiye aliyeanza kutia jibini juu ya bibingka ya marehemu mama yetu ili awafurahishe watalii, na tangu mwaka wa kile kimbunga kikubwa hatusemeshani. Nilimwita mnafiki, mchoyo wa tui, na mtu anayeunguza chini na kuacha juu mbichi. Nilijipanga vizuri kabisa. Mmekata yote. Mmekata kikohozi changu, kicheko changu, na pale nilipomfukuza paka. Mmebakiza mwanamke mpole ambaye mimi simjui. Wateja sasa wanakuja kuniomba ushauri wa ndoa, na bibingka hawanunui.

4. Kimya. Hili ndilo lililonitoa usingizi. Mwishoni Arnel alisema, "Manang," kama aitwavyo dada mkubwa kwetu, "sasa tunyamaze dakika moja tu, ninase sauti ya nyumba yenyewe." Nyumba gani ina sauti bila mtu kuongea? Lakini nikakaa, nikajitahidi. Nikasikia mkaa unapasuka. Kisha, kupitia ukutani, nikamsikia Leonila anapiga unga peke yake, kwa mwendo ule ule aliotufundisha mama. Nikaropoka: "Huyo ni dada yangu. Zamani tulikoroga sufuria moja. Siku hizi nikipika sina wa kumwambia onja."

Niliyasema ndani ya kimya, si ndani ya mahojiano. Maneno ya kwenye kimya ni mali ya mwenye nyumba. Ninyi mkayachukua mkafungia habari yenu, na mlio wa mwiko wake mkauweka chini yake. Sasa mtaa mzima unajua kwamba ninamkumbuka. Yeye pia anajua, na tangu habari itoke hajasema neno. Mnaijua aibu hiyo? Nimeanika moyo barabarani kama nguo za ndani, na mwenyewe hata shingo hageuzi. Inaniuma, Mhariri, sitawaficha.

Kwa hiyo naomba maneno yale yafutwe, na matusi yangu yarudishwe yote kwa mpangilio wake. Ikishindikana, Arnel aende kwa Leonila, amzimie friji na yeye, amnyamazie alasiri nzima, tuone atatoa nini. Na hilo likishindikana, zimeni mtandao wa mkoa mzima mpaka sikukuu ipite. Sidhani kama naomba makubwa.

Nisalimieni wote hapo ofisini, na wazazi wenu, na watoto waliozaliwa na watakaozaliwa. Mwambieni Arnel ale, amekonda.

Ni mimi ninayesubiri mfute,
Generosa Monteclaro

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha nikasikia sauti yangu mwenyewe ukutani. Leonila alikuwa anaicheza habari yenu. Ikifika pale kwenye kimya anairudisha nyuma, anaanza upya. Nikaenda kumgongea nimwambie apunguze kelele. Akafungua, unga hadi viwikoni, macho mekundu. Akasema, "Ingia uonje, Inday, unasimama mlangoni una deni na mtu?" Hajaniita Inday, jina letu la kudekezana nyumbani, tangu mama azikwe.

Nimekula vipande vitatu, jibini na yote. Msifute kitu.